Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupiga picha za watu nje, bila kupozi, katika mwanga wa kipupwe cha Lubumbashi

Kila mwaka, tangu baridi inapoingia mwezi Mei hadi joto linaporudi Septemba, malalamiko ni yale yale: uso umetoka mweusi, shati jeupe limeungua (limebaki weupe mtupu), macho yamefinywa na jua, mama wa sokoni amekasirika. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale yasiyotokea kila siku. Saa zimehesabiwa kwa Kiswahili: simu ikionyesha 7:00, hapa ni saa moja asubuhi.

## Mwanga wenyewe

Picha ya "bila kupozi" ni picha gani hasa?

Ni picha ya mtu akiwa katika shughuli yake. Anapanga nyanya mafungu mafungu, anacheka na jirani, anangoja taksi huku mikono ameificha kwapani kwa baridi. Si lazima asijue kwamba upo. Nyingi ya picha nzuri za namna hii zimepigwa kwa mtu aliyeiona kamera, akaizoea, akarudi kwenye mambo yake. Kinachotakiwa ni kwamba wakati unabonyeza hakuwa amejitengeneza kwa ajili yako.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtu wa studio unamwambia ageuke kidogo, ainue kidevu, asogee dirishani. Huyu huwezi kumwambia lolote, kwa hiyo mwanga lazima uwe umeshauchagua kabla hajafika. Tafuta kwanza mahali penye mwanga mzuri, simama hapo, ngoja watu waje. Karibu majibu yote yaliyobaki yanatokana na hilo. Anayemfuata mtu mtaani na kutafuta mwanga baadaye hurudi na picha za visogo.

Mbingu ni safi na jua linawaka. Kwa nini mwanga wa Juni na Julai unasumbua?

Unasumbua kwa sababu mbingu ni safi mno. Mvua zimekatika na mawingu hayapo, na wingu ndilo hulitawanya jua na kulilainisha. Lisipokuwepo, jua linabaki nukta moja ndogo yenye nguvu, na kila pua, kila ukingo wa kofia, kila ushungi unatupa kivuli chenye makali. Macho yetu hayaoni tatizo kwa kuwa yanajirekebisha haraka. Kamera haina uwezo huo: ama inaokoa upande wenye jua, ama inaokoa kivuli.

Sababu ya pili ni mahali jua linapopita. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini mwa ikweta. Kati ya tarehe 20 na 22 Juni, jua la adhuhuri halifiki utosini. Linapita upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 55 hivi. Desemba linafika nyuzi 78, safari hii upande wa kusini. Ndiyo maana Juni jua linawapiga watu machoni muda mrefu na wanakunja uso.

Ila kuna faida ambayo watu hawaisemi. Adhuhuri ya Juni, kivuli cha mtu ardhini kina urefu wa kama asilimia 70 ya kimo chake. Cha Desemba ni kama asilimia 20 tu. Maana yake mwanga wa kipupwe unaingia chini ya nyusi na chini ya ukingo wa kofia, mahali ambapo jua la Desemba huacha mashimo mawili meusi. Ningechagua adhuhuri ya Juni kuliko adhuhuri ya Desemba siku yoyote.

Ni saa gani nzuri ya kutoka?

Katikati ya Juni jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kuzama dakika chache kabla ya saa 12 jioni. Mpaka saa 1 na nusu asubuhi bado halijapita nyuzi 13 hivi, mwanga ni wa dhahabu na unaingia moja kwa moja usoni. Kufikia saa 3 limeshapanda hadi nyuzi 31 hivi, na makali yameanza. Jioni, mwanga unaanza kuwa mzuri tena baada ya saa 10.

Asubuhi ina kitu kingine mbali na rangi: baridi. Usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10, na saa hiyo ya kwanza watu wamejifunika vikwembe (vitenge), wanafunzi wamejikunja ndani ya sweta, wachuuzi wa makala (mkaa) wanaingia mjini wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia, mvuke unatoka midomoni na kwenye vikombe vya chai. Mvuke huo hauonekani ukiwa na jua nyuma yako. Uonekane, jua liwe nyuma ya mtu na nyuma yake zaidi pawe na kitu cheusi: ukuta wenye kivuli, mlango wa duka, mti mzito wa majani.

Jioni kuna nafasi ambayo wengi wanaikosa kwa sababu wameshafunga begi. Jua likishazama, kwa muda wa kama dakika 20 mbingu nzima ya magharibi inakuwa taa moja kubwa laini. Hakuna kivuli kikali na hakuna anayefinya macho. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na uendelee.

Mchana niweke kamera ndani?

Hapana. Tafuta upande wa kusini wa majengo. Tangu mwishoni mwa Februari hadi karibu mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini mwa Lubumbashi, na katikati ya kipupwe linachomoza na kuzama likiwa kaskazini pia. Kwa hiyo mwezi Juni ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Una kivuli safi siku nzima mbele ya ukuta huo, na watu wanajua hilo zamani: adhuhuri wauzaji wengi wameshahamishia meza zao huko. Asubuhi ya baridi kinyume chake, utawakuta upande wa kaskazini wakiota jua.

Kivuli peke yake hakitoshi; angalia mtu anatazama nini. Akiwa karibu na ukingo wa kivuli, uso wake ukielekea barabara yenye jua au ukuta wa rangi nyepesi ng'ambo, mwanga unarudi usoni mwake na macho yanapata nukta ya uhai. Akiingia ndani sana, chini ya bati la kibanda, uso unakufa. Tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuwa hatua mbili za mguu.

Kuhusu miti: mwembe ni rafiki, kwa sababu majani yake ni mazito mwaka mzima na kivuli chake kimeshikana. Jakaranda, pamoja na uzuri wake Septemba na Oktoba, hupukutisha majani kabla ya kuchanua, na mwishoni mwa kipupwe chini yake kuna madoa ya jua tu. Madoa hayo yakiangukia shavuni, hakuna programu itakayoyaondoa kwa heshima.

Agosti moshi umejaa hewani. Ni siku za kupoteza?

Kadiri kipupwe kinavyosonga, moto unawashwa katika misitu ya miombo kuzunguka mji, kwa kusafisha mashamba, kwa uwindaji, na makala nayo yanachomwa. Moshi unachanganyika na vumbi jekundu, mbali kunakuwa cheupe, na jua la jioni linageuka duara jekundu unaloweza karibu kulitazama.

Kwa mandhari ni hasara, kwa nyuso mara nyingi ni faida. Moshi unafanya kazi ambayo mawingu yamekataa kuifanya: unalainisha jua. Sogea karibu na mtu, maana kadiri hewa kati yenu inavyopungua ndivyo sura yake inavyobaki wazi huku nyuma kukififia. Ukiweka jua nyuma yake, kinga lenzi kwa kofia ya lenzi au kwa kiganja. Moshi na jua la mbele vikikutana kwenye kioo, picha nzima inakuwa na utando. Na rangi ya njano usiisafishe yote unapohariri. Agosti ya Lubumbashi ina rangi hiyo.

## Uso, ngozi, rangi

Kwa nini uso unatoka mweusi tii na nyuma nyeupe?

Kamera inapima mwanga wa eneo zima kisha inatafuta wastani, kama kijivu cha kati. Nyuma kukiwa na barabara yenye jua au mbingu, wastani unavutwa juu, kamera inapunguza mwanga, na uso uliokuwa kivulini unazama.

Dawa ya kwanza haina kitufe: badilisha unaposimama. Mara nyingi hatua tatu upande zinakupa ukuta wenye kivuli nyuma ya mtu badala ya mbingu. Hata kuchuchumaa au kupanda ngazi moja kunaweza kuondoa mbingu kwenye picha. Ikishindikana, ongeza mwangaza kwa kitufe chenye alama ya +/-, kuanzia +1, hata +1.5 jua likiwa nyuma ya mtu. Mbingu itaungua, na mara nyingine iache iungue. Hukutoka kwenda kupiga picha ya mbingu.

Ukipiga picha za watu wengi mahali pamoja, pima mara moja kwenye uso wa mtu aliyeko kwenye mwanga huo, funga mipangilio kwa mkono, na usiiguse mpaka jua libadilike. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua mahali na kukaa hapo.

Na kwa nini mara nyingine uso wa mtu mweusi unatoka kijivu, umepauka?

Ni hesabu ile ile ikigeuzwa. Uso wenye ngozi nyeusi ukijaza picha, au mtu akiwa amevaa koti jeusi mbele ya ukuta mweusi, kamera inadhani kuna giza na inaongeza mwanga. Ngozi inapoteza kina. Punguza: -0.3, -0.7. Ngozi nyeusi haihitaji kung'arishwa ili ionekane. Inahitaji sehemu moja yenye mng'ao na nyingine yenye kivuli, ndipo umbo la uso linasomeka. Tafuta mwanga unaotoka ubavuni, si wa mbele kabisa.

Tatizo lina historia pia. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zile kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, na ngozi nyeusi hazikufikiriwa. Kamera za sasa zina uwezo mkubwa zaidi, lakini simu nyingi bado zina tabia ya kupausha nyuso bila kuulizwa. Zima kila kitu kinachoitwa urembo au kulainisha ngozi kwenye mipangilio ya simu yako.

Baridi imekausha ngozi, au mafuta yanang'aa sana. Nifanyeje?

Hewa ya kipupwe inakausha ngozi na kupasua midomo, na upele mweupe wa ukavu unaonekana zaidi kwenye picha kuliko kwa macho. Aliyejipaka mafuta anang'aa, na mng'ao huo ukitoka kwenye mbingu pana ni mzuri ajabu: unachora shavu, paji la uso, mfupa wa pua. Ukitoka kwenye jua kali unakuwa doa jeupe. Kwa hiyo aliyejipaka mafuta mpige kivulini. Mtu ambaye hakujipaka, mwanga wa chini wa asubuhi au jioni unamfaa zaidi. Kumpa mtu wa mtaani mafuta ajipake ni adabu mbaya, na pia umeshaua picha ya bila kupozi.

Kivulini nyuso zinatoka na rangi ya bluu, na kidevu kina wekundu. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Kivuli chini ya mbingu safi kinaangazwa na mbingu yenyewe, na mbingu ni ya bluu. Weka uwiano wa rangi (white balance) kwenye alama ya kivuli, au kati ya 7000 na 8000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Jua la mchana ni kama 5500 K.

Wekundu wa kidevu unatoka ardhini. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarudisha mwanga wenye rangi yake, nao unaingia chini ya kidevu na puani. Kwa kiasi unapendeza, unampa mtu joto. Ukizidi, mngoje asogee kwenye saruji au lami. Ukuta wa kijani au wa bluu ulio karibu sana ni hatari zaidi kuliko udongo, kwa sababu hakuna anayedhani ngozi ya mtu ni ya kijani.

Jumapili watu wamevaa nyeupe wakitoka kanisani. Nguo au uso?

Uso. Lakini jaribu kwanza kutolazimika kuchagua: wasubiri wanapoingia kivuli cha jengo. Mbele ya matofali mekundu ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kwa mfano, nguo nyeupe na nyuso nyeusi vinakaa vizuri pamoja mwanga ukiwa laini, kwa kuwa ukuta wenyewe ni wa rangi ya kati. Kwenye jua wazi piga kwa faili ghafi (RAW), punguza mwangaza kidogo ili nguo ibakie na mikunjo yake, kisha uinue uso baadaye. Kurudisha kivuli kunawezekana kwa kiasi. Nyeupe iliyoungua hairudi.

Nitumie flashi?

Kwa picha hizi, karibu kamwe. Flashi inamtangazia mtu kwamba umempiga, na ya pili hutaipata.

## Kifaa

Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha, ukijua inapodanganya. Gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole mpaka ifunge fokasi na mwangaza, kisha shusha kidogo alama ya jua. Futa lenzi: simu inakaa mfukoni, na alama za vidole pamoja na jua la kipupwe huleta ukungu ambao watu wanaulaumu moshi.

Usimkaribie mtu sana kwa lenzi ya kawaida ya simu, ambayo ni pana. Pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Simama kama mita moja na nusu au mbili, ukate picha baadaye. Kama simu ina lenzi ya pili ya 2x au 3x, itumie hiyo. Kuvuta kwa vidole kupita hapo ni kukata picha tu kabla ya wakati. Ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu inakosea kwenye nywele zilizosukwa na kwenye ncha za kitambaa cha kichwani; kwa mtu anayetembea izime.

Lenzi gani?

Kama kamera yako ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa kamili, 50 mm inafaa kwa mengi na bei yake ni nafuu. 85 mm ni nzuri kwa uso. Kwenye kamera zenye sensa ndogo ya APS-C, 35 mm inafanya kazi ya 50 mm. Lenzi ndefu ya 200 mm inavutia waoga, lakini inawatenga watu na mahali walipo, na mtu akigundua umemlenga kutoka ng'ambo ya barabara anahisi amepelelezwa. Haki yake.

Nianze na mipangilio gani?

Juani: ISO 100, f/5.6 (uwazi wa lenzi), kasi ya shata kati ya 1/800 na 1/1000 ya sekunde, kisha rekebisha. Msingi wake ni kanuni ya zamani: kwenye jua kamili, f/16 na kasi iliyo sawa na ISO. Kivulini mwanga unapungua kama mara nane, kwa hiyo ISO 400, f/4 na 1/500 ni mwanzo mzuri. Mtu anayetembea asishuke chini ya 1/250. Watoto wanaokimbia 1/500 au zaidi. Picha yenye chembechembe za ISO inasameheka, picha iliyotikisika usoni haisameheki.

Vumbi?

Usibadilishe lenzi barabarani. Ingia dukani au ndani ya gari, kamera ikitazama chini. Vumbi la kioo lipulize kwa mpira wa kupulizia kabla ya kufuta kwa kitambaa, la sivyo unalisugua kama msasa. Mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia unatosha kuikinga kamera siku ya upepo.

## Watu

Niombe ruhusa kabla au baada?

Kabla, mahali unapokaa muda mrefu: sokoni, kijiweni, uwanjani kwa watu. Picha nzuri ya bila kupozi inaanza kwa salamu. "Jambo mama, habari ya asubuhi, baridi imezidi leo." Mwambie wewe ni nani, unapiga nini, picha zinaenda wapi. Kisha kaa. Nunua kitu kama unakihitaji. Baada ya muda mteja anakuja, wanaanza kubishana bei, na wewe umeshakuwa sehemu ya baraza.

Baada, kwa tukio la kupita: mtu amecheka kwenye mwanga mzuri, ukapiga. Hapo mfuate, muamkie, muoneshe. Mzee muite papa au mama, aliyekuzidi kidogo muite yaya (kaka au dada mkubwa). Akisema hapana, ifute mbele ya macho yake bila mjadala.

Swali ambalo utaulizwa ni "unaenda kuuza picha yangu?" Lijibu kwa ukweli. Watu wa mji huu wamepigwa picha na wageni wengi ambao hawakurudi.

Nikishaomba, kila mtu anasimama wima na kunitazama. Nimeharibu?

La. Mpe hiyo picha kwanza. Kusimama wima, mikono ubavuni, uso wa heshima, ndivyo watu wanavyotaka kukumbukwa, na hakuna sababu ya kuwanyima. Ipige vizuri, kwa makini ile ile, mwoneshe. Akishaipata, mabega yanashuka, anamgeukia mwenzake kumtania, na hapo ndipo picha uliyoijia. Kamera usiishushe mapema.

Na umpelekee ile ya kwanza, kwa simu au iliyochapwa. Ukirudi na picha mkononi, mara ya pili meza nzima ni yako.

Wakidai pesa?

Kwa mtu wa kupita, silipi. Picha ya kulipiwa inageuka kazi, na mtu anaanza kuigiza. Kumpa nakala ni bora. Kama picha itauzwa au kutumiwa kwenye tangazo, hilo ni jambo jingine: mnapatana, mnaandikiana, analipwa.

Watoto je?

Mzazi au mlezi kwanza, kila mara. Watoto wa mtaa watakuzunguka wakipiga kelele "foto! foto!" na hawatakubali kukusahau haraka, cheza nao, wapige kundi lote, kisha elekea kwingine. Mtoto aliye uchi, mgonjwa au anayelia usimpige, hata mwanga uwe mzuri kiasi gani.

Wapi nisielekeze kamera kabisa?

Kambi za jeshi, polisi, majengo ya serikali, uwanja wa ndege, madaraja, vizuizi vya barabarani, malango ya migodi na viwanda. Ukitaka bomba refu la moshi la Gécamines (kampuni ya madini ya serikali) na mlima wake wa mabaki meusi viwe nyuma ya mtu, fahamu kwamba ni eneo la kiwanda na unaweza kusimamishwa. Ukisimamishwa, teremsha kamera, salimia, eleza kwa sauti ya chini. Nenda na kitambulisho, na kwa kazi rasmi tafuta kibali mapema kwenye ofisi za mji.

## Mambo yasiyotokea kila siku

Kofia, ushungi na miwani vinaficha macho.

Ngoja mtu atazame juu kidogo au mbali. Kichwa kikiinuka kwa nyuzi chache tu, mwanga wa kipupwe unaingia (angalia swali la kwa nini mwanga wa Juni unasumbua). Ardhi nyepesi mbele yake inasaidia pia. Kwa miwani, sogea upande mpaka mng'ao wa mbingu uondoke kwenye kioo.

Je, haya yanafaa Goma na Bukavu?

Kwa sehemu. Goma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta na Bukavu nyuzi 2 na nusu, kwa hiyo tofauti ya kimo cha jua la adhuhuri kati ya Juni na Desemba ni ndogo sana na ukuta wa kusini hauna ile faida kubwa. Mawingu ya milimani ni mengi zaidi, na wingu jembamba ni mwanga bora kwa uso.

Goma ina tatizo lake. Ardhi ya lava, kama ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002 na kupita katikati ya mji, ni nyeusi na hairudishi mwanga. Hakuna kinachoinua kivuli cha chini ya kidevu. Tafuta ukuta uliopakwa chokaa, au mtu aliyeshika kitu cheupe: gazeti, ndoo, gunia la unga. Bukavu na Goma zote zina ziwa: Kivu asubuhi linarudisha mwanga kutoka chini, na anayetazama maji ana uso ulioangazwa pande mbili.

Ndugu yangu yuko Brussels anataka kufanya hivi kwenye theluji.

Huko mambo yanageuka. Mwisho wa Desemba jua la adhuhuri Brussels halifiki nyuzi 16 juu ya upeo na mchana una saa 8 hivi. Kwa hiyo siku ikiwa wazi, mwanga ni wa chini mchana kutwa. Ikiwa na mawingu, kama ilivyo mara nyingi, ni laini lakini hafifu, na ISO 800 au 1600 saa nane mchana ni jambo la kawaida.

Theluji ni nyeupe kiasi kwamba kamera inaigeuza kijivu na nyuso zinazama. Aongeze +1 hadi +2, akiangalia uso. Theluji hiyo hiyo inarudisha mwanga usoni kutoka chini, kinyume cha lava ya Goma, na ngozi nyeusi mbele ya weupe ule inatoka na mchoro safi sana. Betri hupungua nguvu kwenye baridi kali. Ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Akirudi ndani kwenye joto, aifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia na aiache humo mpaka ipate joto, ili maji yajitengeneze juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Kadi ya kumbukumbu aitoe kabla ya kufunga mfuko, kama ana haraka ya kuziona picha.

Mtu alikubali, sasa baada ya miezi anataka picha iondolewe mtandaoni.

Iondoe siku hiyo hiyo, kisha mjulishe. Kama uliwatumia wengine au ilichapwa mahali, mwambie wazi ni wapi, nawe uandike huko kuomba iondolewe. Faili ya asili mwulize kama anataka ifutwe pia au aipewe. Wengi wanaomba wapewe.